Maisha ya Louis Pasteur, Mwana wa Mtengeneza Ngozi

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa mashariki, uko mji mdogo uitwao Dole. Humo, tarehe 27 Desemba 1822, siku mbili baada ya Noeli, alizaliwa mtoto mwanamume, akabatizwa, akaitwa Louis. Baba yake, Jean-Joseph Pasteur, alikuwa mtengeneza ngozi. Zamani alikuwa askari wa Napoleon, akapata nishani kwa ushujaa wake. Lakini vita vilipokwisha alirudia kazi ya ukoo wake, akalowesha ngozi mashimoni pamoja na maganda ya miti, akaziuza kwa washona viatu. Ni kazi yenye kunuka, wala haimtajirishi mtu.

Louis alipokuwa bado mdogo, jamaa wote walihamia mji wa Arbois, karibu na mto. Huko, mwaka wa 1831, mbwa-mwitu mwenye kichaa alishuka toka milimani, akauma watu na wanyama njiani. Waliojeruhiwa walipelekwa kwa mhunzi, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na ile ya Pasteur, naye akayachoma majeraha yao kwa chuma chekundu cha moto, maana siku zile haikuwako dawa nyingine. Louis alikuwa karibu kutimiza miaka 9. Alisikia vilio vyao. Baada ya majuma machache watu kadhaa wa upande ule walikufa kifo kile kibaya, wenye kiu kali lakini wasioweza kumeza hata tone la maji. Jambo hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote.

Shuleni hakuwa wa kwanza. Walimu walimwona kuwa mtoto mpole, mwenye kukawia, asiyesema neno mpaka awe na hakika nalo. Alipenda zaidi kuchora, na sura za baba na mama yake alizozichora kwa rangi zimehifadhiwa mpaka leo. Mwaka wa 1838 alipelekwa Paris kusoma, lakini alishikwa na hamu ya kwao, akatamani hata harufu ya ngozi za baba yake. Hakula vema, hakulala vema. Basi baba akafunga safari, akamrudisha nyumbani bila kumgombeza. Wengi wangesema kijana huyu hafai kitu. Miaka michache baadaye alirudi Paris kwa mapenzi yake mwenyewe, akaingia katika shule kuu ya walimu iitwayo École normale, akajifunza elimu ya asili ya vitu na jinsi vinavyochanganyika.

Mwaka wa 1849, akiwa mwalimu mjini Strasbourg, alimwoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa shule za jimbo lile. Mama huyo anastahili kutajwa kwa heshima. Jioni, kazi za nyumba zilipokwisha, aliketi mezani akaandika kwa mkono wake yale mumewe aliyomsomea, akamwuliza maana yake, akamlazimisha kuyaeleza vizuri zaidi. Walipata watoto watano.

Mwaka wa 1854 Bwana Pasteur alitumwa mjini Lille, mji wa viwanda. Mwenye kiwanda mmoja alimjia kwa huzuni: alikuwa akitengeneza pombe kali kwa viazi-sukari vya Ulaya, lakini mapipa yake mengine yaliharibika yakawa machungu. Kila mama anayepika kasiksi anaujua msiba huo. Ndizi ni zile zile, chungu ni kile kile, lakini leo pombe ni nzuri na kesho imekuwa siki. Pasteur alichukua tone kwa kila pipa, akalitazama kwa hadubini, chombo kile chenye vioo kinachokuza vitu vidogo. Katika pombe nzuri aliona vidonge vya mviringo vya chachu, vinavyochipuka kama mimea. Katika pombe iliyoharibika aliona vijiti vyembamba vinavyotikisika. Hivyo akajua ya kuwa chachu ni kitu chenye uhai, na kwamba mgeni mwingine mwenye uhai ameingia pipani akaiharibu kazi yake. Baadaye alifundisha kupasha divai moto kidogo, bila kuichemsha, ili wageni hao wafe na ladha isipotee. Njia hiyo hutumika hata sasa kwa maziwa, nayo imepewa jina lake.

Lakini wageni hao walitoka wapi? Wataalamu wengi wa siku zile walidai ya kwamba hujizalia wenyewe ndani ya kitu kinachooza, pasipo baba wala mama. Pasteur hakukubali, lakini hakutaka kushinda kwa maneno. Alitia mchuzi katika chupa za kioo, akavuta shingo zake kwa moto mpaka zikawa nyembamba na kupindika kama shingo ya bata-maji, kisha akauchemsha mchuzi. Hewa iliingia kwa mdomo wazi wa chupa, lakini vumbi lilinaswa mahali pale penye kupinda. Mchuzi ulikaa safi. Alipoinamisha chupa ili mchuzi uguse lile vumbi, ukaharibika mara.

Tena mwaka wa 1860 alipanda milima na chupa nyingine zilizofungwa. Alizifungua hewani kwa muda kidogo, akazifunga tena kwa moto. Katika chupa 20 zilizofunguliwa bondeni, 8 ziliharibika. Juu ya mlima wa kwao, 5 kati ya 20. Na juu kabisa, penye barafu isiyoyeyuka, moja tu kati ya 20. Vumbi linapopungua, vijidudu navyo hupungua. Mzee yeyote wa kijiji angeweza kuielewa hoja hiyo, na ndiyo sababu ilikuwa na nguvu.

Katika miaka ile ile ya ushindi, mauti ilibisha hodi nyumbani kwake. Mwaka wa 1859 binti yake mkubwa, Jeanne, mwenye miaka 9, alikufa kwa homa ya matumbo. Mwaka wa 1865 baba yake alifariki, na baada ya miezi michache akafa mtoto mdogo, Camille, aliyekuwa na miaka 2. Mwaka wa 1866 Cécile, wa miaka 12, alikufa kwa homa ile ile iliyomwua dada yake. Homa hiyo huletwa na vijidudu vilivyomo katika maji au chakula kilichochafuliwa. Baba yao, aliyekuwa akivitafuta vijidudu kila mahali, hakuvijua hivi kwa wakati. Vilitambuliwa na wataalamu wengine mwaka wa 1880. Pasteur alizika watoto watatu, akarudi kazini akiwa na uso wa mtu aliyezeeka kabla ya siku zake.

Kazi yenyewe wakati huo ilikuwa ngeni kabisa. Serikali ilimwomba aende kusini mwa Ufaransa, mahali ambapo maelfu ya watu waliishi kwa kufuga viwavi wanaofuma hariri, nao viwavi walikuwa wakifa. Yeye alikuwa hajawahi kumshika kiwavi hata mmoja. Mtaalamu wa wadudu aliyemtembelea alistaajabu kuona mgeni huyu mkuu anatikisa kifuko cha hariri sikioni na kuuliza kuna nini ndani. Pasteur hakuona haya kuuliza. Alikaa nao miaka mitano, akagundua ya kuwa magonjwa ni mawili wala si moja, akawafundisha wanawake wa vijiji kutumia hadubini ili wachague mayai mazima. Mwezi wa Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipigwa na kiharusi, na upande wake wa kushoto ukapooza. Watu walidhani amekwisha. Kumbe makubwa mengi anayokumbukwa kwayo yalikuwa bado mbele. Tangu siku ile alikokota mguu, na mkono wa kushoto haukumtii vema tena.

Sasa ni lazima kueleza habari ya mashamba yaliyolaaniwa. Katika nchi za wafugaji huko Ufaransa palikuwa na malisho ambayo kondoo hawakuweza kulishwa humo bila kufa. Jioni mchungaji alihesabu kundi zima. Asubuhi alikuta wengine wamelala, matumbo yamevimba, damu yao nyeusi. Ugonjwa huo ni kimeta. Watu waliyaita malisho hayo mashamba ya laana, nao walikuwa wakristu waliobatizwa tangu karne nyingi. Walinong'onezana juu ya nani aliyeyaloga.

Robert Koch, mganga wa Ujerumani, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka wa 1876 ya kuwa kimeta huletwa na vijidudu, na kwamba vijidudu hivyo huweza kujigeuza kuwa kama mbegu zenye ganda gumu, zikakaa udongoni muda mrefu. Lakini mizoga huzikwa chini sana. Mbegu zitapandaje juu? Siku moja Pasteur alikuwa akitembea shambani karibu na mji wa Chartres. Aliona mahali fulani udongo una rangi nyingine, akauliza. Mwenye shamba akamweleza kuwa mwaka uliopita kondoo waliokufa kwa kimeta walizikwa hapo. Pasteur akainama, kwa taabu ya mguu wake uliopooza, akaona juu ya udongo vile vichuguu vidogo vinavyoachwa na nyungunyungu. Akawachukua nyungunyungu, akatafuta matumboni mwao, akazikuta mbegu za kimeta. Nyungunyungu walikuwa wakizipandisha toka kaburini mpaka juu ya majani, na kondoo wakazila.

Basi ile laana ilikuwa nyungunyungu. Hapana mchawi aliyepita pale usiku. Katika vijiji vingi, mnyama au mtoto akifa ghafla, hutafutwa mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi hupatikana mwanamke mzee asiye na mwana wa kumtetea. Anafukuzwa nyumbani mwake, pengine anauawa, na ugonjwa hubaki pale pale, maana haukutoka kwake. Pasteur aliwashauri wafugaji wasizike tena mizoga ya kimeta malishoni. Na nyama ya mnyama aliyejifia kwa ugonjwa huo haifai kuguswa wala kuliwa na mtu, hata njaa ikiwa kali.

Kujua asili ya ugonjwa hakukumtosha, alitaka kuukinga. Alipokuwa akichunguza ugonjwa mmoja wa kuku, alitambua ya kuwa vijidudu vilivyokaa siku nyingi chupani hudhoofika: kuku aliyechomwa navyo huugua kidogo tu, kisha hata akipewa vijidudu vikali hafi. Ndivyo alivyopata njia ya kutengeneza chanjo mbalimbali. Kabla yake, tangu siku za Edward Jenner wa Uingereza, palikuwa na chanjo ya ndui peke yake.

Mwezi wa Mei 1881, katika shamba la Pouilly-le-Fort, alichanja kondoo 24, mbuzi mmoja na ng'ombe kadhaa. Kondoo wengine 24 na mbuzi mmoja waliachwa bila chanjo. Tarehe 31 Mei wote walichomwa sindano ya kimeta kikali. Tarehe 2 Juni wafugaji, waganga na watu wa magazeti walikusanyika. Kondoo waliochanjwa walikuwa wamesimama wakila. Wale wasiochanjwa walikuwa wamelala mistari mistari, wamekufa, na wachache waliosalia walianguka kabla ya siku kuisha.

Ukweli wote usemwe. Chanjo ya siku ile ilitengenezwa kwa njia ya msaidizi wake, Charles Chamberland, kwa kutumia dawa ya kudhoofisha vijidudu, lakini Pasteur aliwaacha watu wafikiri ya kuwa ni kwa njia yake mwenyewe ya kutumia hewa. Jambo hilo lilijulikana wazi miaka mingi baada ya kufa kwake, daftari zake zilipofunguliwa na kusomwa. Alikuwa mtu mwenye kiburi cha kazi yake, mkali katika mabishano, asiyependa kushindwa. Sifa zake nyingine hazifuti kosa hilo.

Wasaidizi wake nao walitoa vya kwao. Mwaka wa 1883 kipindupindu kilipozuka Misri, vijana wake walikwenda Alexandria kukichunguza. Mmoja wao, Louis Thuillier, alishikwa na ugonjwa ule akafa huko, akiwa na miaka 27.

Hatimaye Pasteur aliurudia ugonjwa aliousikia utotoni pale kwa mhunzi. Vijidudu vya kichaa cha mbwa hakuviona, kwa kuwa ni vidogo kuliko uwezo wa hadubini za siku zile. Lakini alijua vinakaa ubongoni na katika uti wa mgongo. Alichukua vipande vya uti wa sungura waliokufa kwa kichaa, akavitundika ndani ya chupa zenye hewa kavu. Kila siku iliyopita, sumu yake ilipungua. Baada ya siku 14 haikuua tena. Alikuwa akiwajaribia mbwa, naye aliogopa sana kumjaribia mtu.

Tarehe 6 Julai 1885 mlango wake ulibishwa na mama mmoja toka Alsace, akiwa na mwanawe Joseph Meister, wa miaka 9. Siku mbili kabla yake mtoto huyo alikuwa njiani peke yake, mbwa mwenye kichaa akamwangusha akamuuma mahali 14, naye alitembea kwa shida. Pasteur hakuwa mganga. Sheria haikumruhusu kumchoma mtu sindano. Tena majaribio yake juu ya mbwa yalikuwa hayajakamilika, nao waliozisoma daftari zake baadaye wameonyesha hivyo. Akimchoma mtoto na mtoto akafa, ataitwa mwuaji. Asipomchoma, huenda atakufa ile kiu aliyoijua yeye. Alikwenda kuwauliza waganga wawili, Vulpian na Grancher. Walimtazama mtoto, wakasema asiachwe. Jioni ile Grancher akamchoma sindano ya kwanza.

Kwa siku 10 Joseph alipata sindano 13, kila moja kali kuliko iliyotangulia, na ya mwisho ilikuwa na sumu ambayo ingemwua sungura kwa siku chache. Mchana mtoto alicheza na kuku na sungura wa maabara, akawa anawaombea wengine wasiuawe, na Pasteur akamkubalia. Usiku mtoto alilala, lakini Pasteur hakulala. Aliona katika mawazo yake mtoto akikabwa na kiu. Mwisho wa Julai Joseph alirudi kwao mzima.

Mwezi wa Oktoba akaja Jean-Baptiste Jupille, mchungaji wa miaka 15 toka nchi ya kwao Pasteur. Alikuwa amepigana na mbwa mwenye kichaa kwa mikono yake ili watoto sita wadogo wapate kukimbia. Alimfunga mdomo kwa kamba ya mjeledi wake, akamwua kwa kiatu cha mti. Naye akapona.

Lakini Louise Pelletier, msichana wa miaka 10, aliletwa siku 37 baada ya kuumwa kichwani. Pasteur alijua kuwa amechelewa mno. Kwa ajili ya sifa yake ilikuwa heri amkatae, maana adui zake walingoja kosa moja tu. Aliwatazama wazazi, akashindwa kukataa. Ugonjwa ulipozuka alikaa karibu na kitanda chake, na mtoto alipokufa, mwezi wa Desemba 1885, alitoka nyumba ile akilia kama mtu aliyefiwa na binti wa nne.

Siku 37 hizo zisisahauliwe na wazazi. Kichaa cha mbwa kingaliko vijijini, na kikishaonyesha dalili hakuna mganga awezaye kumrudisha mgonjwa, ila kwa nadra sana. Aliyeumwa aoshwe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa robo saa, kisha apelekwe siku ile ile kwenye zahanati au hospitali kutafuta chanjo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni wa jirani. Chanjo ya siku hizi haitengenezwi tena kwa uti wa sungura, wala haichomwi tumboni kama zamani.

Mwezi wa Machi 1886 walifika Paris Warusi 19 toka Smolensk walioumwa na mbwa-mwitu. 3 walikufa, na 16 wakarudi kwao. Ndipo sadaka zikaanza kumiminika toka nchi nyingi, za wafalme na za maskini, mpaka ikajengwa nyumba kubwa ya kutibu na kuchunguza magonjwa, inayoitwa Institut Pasteur. Ilifunguliwa tarehe 14 Novemba 1888. Siku ile Pasteur alishindwa kuisoma hotuba yake kwa machozi. Mwanawe aliisoma badala yake.

Nguvu zilimwishia pole pole. Alitunzwa na Marie katika nyumba iliyo nje ya Paris, kati ya miti mikubwa na mabanda ya wanyama wa maabara. Alipokea sakramenti za Kanisa, akafariki tarehe 28 Septemba 1895, mkono mmoja katika mkono wa mke wake, na mwingine umeshika msalaba. Misa ya mazishi ilisomwa katika kanisa kuu la Notre-Dame, tarehe 5 Oktoba. Mwaka uliofuata mwili wake uliwekwa katika kaburi lililojengwa chini ya Institut yenyewe.

Kwa miaka mingi wageni waliokwenda kuitazama nyumba ile walifunguliwa lango na mlinzi mmoja. Alikuwa Joseph Meister, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, mwenye mvi.